Mabega Yote Mawili

Mwaka wa kwanza daktari Gocha alinipa vidonge
vyeupe, ishirini, na neno moja: uchovu.
Nikamwambia bega hili huniamsha saa tisa za usiku
kama mtoto mchanga, ila mtoto hunyamaza akinyonya.
Akacheka kwa adabu. Akapandisha mabega.

Nakumbuka alivyoyapandisha: yote mawili,
kwa wepesi, hadi karibu na masikio,
kisha yakashuka kama pazia.
Nilimwonea wivu.

Mimi ni mwokaji, nyuma ya soko la Kutaisi.
Tanuri letu ni la udongo, limechimbiwa chini kama kisima,
na mkate huwekwi humo, hupigwa ukutani:
unainama hadi kiunoni, kichwa juu ya makaa,
unanyoosha mkono, unabandika, unajiinua
kabla nyusi hazijaungua.
Mara mia tatu kwa siku. Miaka ishirini na sita.
Kisha siku ile ya barafu niliteleza na gunia la unga
nikasikia kitu kikikatika ndani, polepole,
kama uzi ukatwao kwa meno.
Hilo nililisema. Tafuta kwenye faili. Halimo.

Yamo haya: umri. Uzito. Kukoma hedhi.
Mgonjwa ana wasiwasi. Mgonjwa amefiwa na mume.
Kweli nilifiwa; figo zilimmaliza Murmani,
lakini hakufia begani mwangu.

Nikapanda treni hadi Tbilisi, kwa profesa.
Akainua picha ya eksirei dirishani, akaitazama
muda wa kumeza mate.
"Mifupa ya msichana," akasema,
kana kwamba amenitunuku.

Basi nikajifunza. Sidiria naifungia mbele, naizungusha.
Nguo naanika kwa mkono mmoja na meno.
Kanisani, nikitaka kufanya ishara ya msalaba,
mkono haufiki usoni; uso ndio unaoufuata mkono,
na padri Zurabi amewaambia watu
nimekuwa mnyenyekevu uzeeni.

Mwaka wa sita nikaanza kuwaamini.
Nikavua, nikalitazama bega kiooni:
la duara, tulivu, bila uvimbe, bila kovu.
Shahidi mbaya kabisa.
Jirani yangu Lamzira alinisugua mafuta ya bata bukini
akaniuliza, kwa upole uliochoma kuliko yale makaa,
kama huenda naota.

Mwaka wa tisa, msichana wa mashine ya ultrasaundi,
Eteri, kucha zimetafunwa, mafua yamembana,
hakuniuliza umri.
"Nionyeshe unavyobandika mkate."
Hapo hapo, katika chumba cha baridi, na shimizi yangu,
nikainama juu ya tanuri lisilokuwepo
na unga usiokuwepo kiganjani,
na mkono ukakwama pale pale unapokwamaga.
Akaweka kifaa pale. Jeli ilikuwa baridi kama samaki.
Kwenye kioo, kijivu, kijivu,
halafu weusi wa upana wa vidole viwili.

"Kano imekatika," akasema. "Zamani sana.
Sasa haishoneki, mama. Misuli imesinyaa."

Nikalia, akadhani ni kwa sababu ya haishoneki.
Nikamwomba arudie lile la kwanza.
Imekatika.
Tena.
Imekatika.

Karatasi niliyopewa iko kabatini, chini ya chumvi.
Sijampelekea Gocha. Nimevaa koti mara mbili nikavua,
na kuvaa koti kwangu si kazi ndogo.

Siku hizi anayebandika ni Bachana, mtoto wa dada yangu.
Nusu ya mikate yake huangukia majivuni.
Nimeketi kwenye kigoda, nahesabu, namwambia inama zaidi.
Jana alijiinua akakunja uso, akajishika bega,
akasema si kitu, uchovu tu.

Nikaweka daftari chini.
"Wapi hasa?" nikamuuliza.
"Njoo hapa kwenye mwanga. Wapi?"